Mwenye Kamba Hatoki

Panda, Likasi, 14 Januari 2024

Mdogo wangu Hénoc,

Kabla hujaogopa kwa kuona barua yangu, ujue kwamba hapa hakuna aliyekufa wala aliyeolewa. Mama ni mzima, miguu yake tu ndiyo inayobishana naye asubuhi. Bénie wangu ameanza katekisimu ya komunyo ya kwanza, na sasa anatusahihisha sote tukisali. Mvua imeng'oa mabati ya jikoni. Tunapikia barazani, moshi wote unaingia chumbani kwa mama, naye anasema kama Hénoc angekuwepo angekuwa amekwisha kupanda juu ya paa. Mimi nilipanda. Hakuona.

Najua huko nyuma ya Kakanda simu haishiki, ndiyo maana nampa Ruphin karatasi hii pamoja na unga. Lori lake limezeeka lakini mdomo wake bado mpya, atakusimulia mji mzima.

Sasa jambo lenyewe. Unaukumbuka uwanja wa golf, pale tulipokuwa tukiokota mipira wakati baba bado anafanya kazi kiwandani? Uligeuka pori, mbuzi wakaurithi. Kamati mpya imeufyeka na inataka kuufungua tena, na wamenichukua mimi kuwa mkuu wa mabanka. Banka ni shimo la mchanga linalochimbwa makusudi, ili mpira wa mchezaji uangukie humo naye aumie roho. Usicheke, watu wanalipa ili waumie roho. Walinipeleka Lubumbashi nikajifunza, na sasa mimi ndiye ninayewafundisha wengine jinsi ya kushika reki, kusawazisha, kuondoa mawe, na kurudisha mchanga ukutani baada ya mvua kuuporomosha.

Nimepata wanawake wa hapa Panda. Bado natafuta mwanamume mmoja ambaye mkono wake unajua udongo. Nimemwambia meneja wetu, Bwana Lambert, kwamba mtu huyo ninaye, ni damu yangu, yuko njiani. Kwa hiyo usinitie aibu. Michezo ya ufunguzi ni mwisho wa Juni, mvua ikiwa imekwisha. Nafasi yako itangoja mpaka hapo tu.

Toka kwenye mashimo hayo ya madini, Hénoc. Nasema wazi kwa sababu mama hawezi kusema. Radio ikitaja tu kwamba udongo umeanguka mahali, anaizima.

Mmoja wa wanawake wangu ni Mama Mbombo, mama yake rafiki yako Clovis. Anamsalimu sana mwanawe, na anauliza kwa nini Noeli imepita bila neno, wakati nyinyi wawili mko shimo moja. Mwambie aandike. Kama ni uvivu, andika wewe kwa niaba yake, kama kawaida yenu.

Yaya wako, dada yako mkubwa,
Danielle


Nyuma ya Kakanda, 4 Februari 2024

Yaya Danielle,

Unga ulifika mkavu, barua ilifika imelowa. Ruphin aliikalia. Nimeisoma hivyo hivyo.

Nafurahi kwamba mama anatembea. Mwambie Bénie aniombee, lakini asinisahihishe. Mimi sina homa. Hapa mvua hainyamazi, na ndugu Wapentekoste wamejenga kanisa la maturubai karibu na kibanda changu, kwa hiyo hata mvua ikinyamaza wao hawanyamazi. Kazi yetu imesimama. Alfajiri ninaosha mawe ya watu wengine mtoni, hapa karibu, napata chakula.

Umefanya vizuri kupata kazi ile. Baba angecheka sana, halafu angewaambia watu wote kiwandani.

Lakini siwezi kuja, yaya. Mimi ni mwenye kamba. Hujawahi kuishi na wachimbaji, basi nikueleze. Mmoja anashuka shimoni, mwingine anabaki juu ameshika kamba. Anayebaki juu hatoki pale mpaka mwenzake atoke. Njaa ikimshika, anakaa nayo. Mvua ikimpiga, inampiga. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza tunayofundishwa, kabla hata ya kushika nyundo, na anayeivunja hapati tena mtu wa kumshikia. Kwa hiyo mpe mtu mwingine nafasi hiyo.

Msalimu mama. Mabati yapigilie misumari yenye kofia, si ile ya kawaida.

Hénoc


Panda, Likasi, 3 Machi 2024

Mdogo wangu mbishi,

Misumari nimepata. Mama amelala usiku mzima bila kukohoa, anakushukuru wewe, si mimi niliyeigonga. Bénie ameulizwa na padri dhambi ni nini, akajibu ni kutoandikia familia. Sikumfundisha mimi.

Nikuchekeshe kwanza. Ilikuwa juma la kwanza la kuwafundisha wanawake wangu. Niliwaonyesha banka ya kwanza, nikawaambia kwa ufupi wasafishe na kusawazisha, nikaitwa ofisini. Niliporudi nilishika kichwa. Walikuwa wamenyunyiza maji, wakafagia kwa fagio fupi, wakaushindilia mchanga kwa miguu mpaka ukawa mgumu kama sakafu ya kanisa, na juu yake wamechora mawimbi ya fagio kama uwanja wa nyumba siku ya sikukuu. Hakukuwa na jani. Hakukuwa na kitu cha kufundisha. Mama Mbombo alikuwa amesimama pembeni, jasho linamtoka, amejaa fahari.

Nikamwambia mchanga wa banka unatakiwa kuwa mlegevu. Akanitazama kwa huruma kabisa. "Mama Bénie," akasema, "mugeni akikuya akute muchanga inaruka-ruka, atasema siye ni banamuke ba namna gani?"

Na ungesema nini hapo? Sisi sote tulilelewa hivyo, uwanja unaotimka vumbi ni aibu ya mwenye nyumba. Halafu Bwana Lambert akaja kujaribu. Mpira wake ukaangukia humo, ukadunda, ukatoka wenyewe na kukimbilia kwenye nyasi. Akafurahi mno, akasema banka hii iachwe hivi hivi. Ilinibidi niwafundishe wote upya, yeye pamoja nao.

Sasa wanajua. Mchanga unafika kina cha kiganja chini, na unapungua ukutani. Wewe unaingia kwa upande wa chini ulio mpole, huruki ukingo. Unavuta reki polepole. Ukimaliza unarudi kinyumenyume, ukifuta nyayo zako mwenyewe moja baada ya nyingine, na reki unailaza nje. Mama Mbombo ndiye anayefanya vizuri kuliko wote, na nimempa banka kubwa iliyo karibu na mikaratusi kuwa yake. Anaiita uwanja wangu.

Nimecheka, sasa nigombe. Umeandika kwamba kazi imesimama. Halafu umeandika kwamba huwezi kutoka kwa sababu umeshika kamba. Zamu gani hiyo isiyoisha? Hata padri hushuka altareni akala. Kama hutaki kufanya kazi chini ya dada yako, sema, nitakasirika siku mbili halafu nitapoa.

Na kuhusu Clovis hukusema neno. Mama Mbombo alinisubiri getini siku Ruphin aliporudi. Nilimwambia Clovis anamsalimu. Nilisema hivyo kwa sababu alikuwa amevaa kitenge kizuri ili aje kupokea hizo salamu. Basi nitumie salamu za kweli, nisiendelee kuzitengeneza mwenyewe.

Danielle


Panda, Likasi, 31 Machi 2024

Hénoc,

Leo ni Pasaka. Tumetoka misa, mama amepika kuku na sombe ya majani ya muhogo, sahani yako imewekwa mezani kama kila mwaka na Bénie ameila, kama kila mwaka.

Hukujibu. Ruphin amerudi na unga umefika, lakini mkono wake ulikuwa mtupu. Nilimkalisha, nikamwekea chakula, nikamwambia hatoki mpaka aseme. Unajua yule hanyamazi kwa urahisi, ila safari hii ilibidi nimbane.

Akasema hivi: "Mudogo yako eko anaikala pa ile shimo ya kufunikwa. Asubui mpaka mangaribi. Nilimuuliza, unangoja nani? Akanijibu, weye shusha tu unga."

Nikamuuliza habari za Clovis. Akasema aliuliza kambini, hakuna anayemjua mtu wa jina hilo. Kule kila mtu anaitwa kwa jina la kazi tu, la ubatizo linabaki nyumbani. Ruphin hakuona ubaya. Alimaliza kula, akaomba maji.

Mimi chakula kilinishinda. Nimesoma tena barua yako ya Februari, ile ya kamba. Nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo.

Mdogo wangu, nakuuliza mara hii moja, na sitakupigia kelele kwa jibu lolote. Nani yuko chini?

Yaya wako


Nyuma ya Kakanda, 28 Aprili 2024

Yaya,

Natumaini Pasaka ilikuwa njema na mama hakula mafuta mengi. Mvua huku inaanza kuchoka. Asubuhi kuna baridi. Nina blanketi, usitume jingine.

Usimpelekee Mama Mbombo salamu tena. Na za kwake usiniletee.

Ilikuwa mwezi wa Desemba, kabla ya Noeli. Mvua ilikuwa imekatika, tukaona jua, tukasema leo tunaweza. Nilikuwa juu. Kamba ilikuwa mikononi mwangu, nzito kama kawaida, halafu ikawa nyepesi. Ni mchanga uliokuja, si mwamba. Mwamba unaonya. Tulichimba siku ile na siku iliyofuata, wote tuliokuwepo, kwa koleo na kwa sahani. Halafu mwenye shimo, yule tunayemwita PDG, akaleta mashine ikafukia. Akasema atakayezungumza hatapata kazi tena upande huu wote. Wengine wakaenda Kambove. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa na watoto.

Mimi nimebaki. Hakuna kingine nilichoficha, yaya. Nilikuandikia ukweli tangu mwanzo. Kuna mtu chini, na mimi ni mwenye kamba.

Jina lake siliandiki. Unajua habari ya namna hii haiandikwi. Inapelekwa kwa mdomo, na anayeipeleka ni mtu aliyekuwepo, yaani mimi. Lakini nikiondoka hapa kwenda kusema, nitakuwa nimemwacha. Nimelifikiri jambo hili kwa kila upande, sioni mlango.

Hénoc


Panda, Likasi, 8 Mei 2024

Hénoc wangu,

Mama hajambo. Bénie hajambo. Sina nguvu ya kuandika mengine ya nyumbani.

Nilisoma barua yako bafuni, mlango umefungwa, kwa sababu Mama Mbombo alikuwa ukumbini na mama, amekuja kuona kama kuna neno. Nililia nikiwa nimeuma taulo. Nilipotoka nikamwambia mvua imeharibu barua. Akasema, "Haizuru, itakuya ingine." Kisha akanisaidia kuchambua maharage. Vidole vyake vinaenda haraka, Hénoc, na alikuwa akinieleza jinsi Clovis alivyokuwa akila maharage mabichi utotoni.

Sina hasira na wewe. Nataka uisome sentensi hiyo mara mbili. Sina hasira, nina huruma tu, na nimekukumbuka mno. Umekaa peke yako pale na mvua yote ile, na mimi nilikuwa nakutania juu ya padri na altare.

Sitamwambia Mama Mbombo. Si kwa woga. Sikuwepo, sina haki ya kulisema. Juma lijalo wananipeleka Lubumbashi mpaka juma la ufunguzi, kufundisha wafanyakazi wapya wa mabanka kule, kwa hiyo ukija hutanikuta. Nimemweleza mama yetu. Alisema atakusindikiza, kwa miguu yake hiyo hiyo. Mwende asubuhi, Mama Mbombo akiwa amekwisha kula. Msiende mkiwa mmebeba kitu.

Unasema huoni mlango. Mimi nauona, na utanisamehe nikiwa mwalimu hata hapa. Umejihesabu wewe tu kuwa mwenye kamba. Lakini mama yake yuko juu tangu Desemba naye. Kila siku ya lori anakuja getini amevaa kitenge kizuri, ameshika kamba asiyojua kwamba imekuwa nyepesi. Wewe angalau unajua. Nani atamwambia aiweke chini?

Ruphin anarudi huko na barua hii. Nimemwambia akungoje.

Danielle


Panda, Likasi, 16 Juni 2024

Yaya Danielle,

Salamu kutoka nyumbani kwako. Mama ni mzima, ingawa ametembea mno. Bénie amekula komunyo ya kwanza, alivaa gauni jeupe na alinikanyaga kwenye maandamano. Paa la jikoni nimelikagua. Msumari mmoja ulikuwa umepinda, nimekusamehe.

Nilitoka kule na Ruphin. Alingoja bila kupiga honi. Kabla ya kuondoka niliifunga kamba kwenye jiwe pale juu. Sikujua nifanye nini kingine.

Tulikwenda asubuhi, mama na mimi. Mama Mbombo alikuwa anafagia uwanja wake. Alinyoosha mgongo, akatuona wawili, mikono mitupu, na mama akiwa amejifunga kitambaa kichwani upande wa nyuma, kama kwenye msiba. Akaliegemeza fagio ukutani taratibu. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Nilisema tu, "Mama, Clovis haiko tena."

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Eko wapi?"

Nikamwambia, "Eko mule mu shimo, mama. Hatukuweza kumutosha inje."

Akakaa chini pale pale kwenye udongo uliofagiwa nusu. Kisha akauliza lile ambalo sikulitegemea: "Alibakia yeye moya?"

"Apana, mama. Minye nilibakia naye. Paka sasa."

Ndipo akalia, yaya, na alilia akiwa amenishika mkono, si akinisukuma. Miezi yote ile nilikuwa nimejiona nikisukumwa.

Kilio kilikuwa kikubwa. Wanawake wako wote walikuja, walileta makaa na mikeka, walilala nje naye. Uwanja wake haukufagiwa, kama inavyotakiwa. Lakini hukuambiwa lililotokea kazini, kwa sababu wenzako waliogopa utakasirika, basi nakuambia mimi. Walikuwa wanasafisha mabanka yote kila asubuhi kama ulivyowafundisha, isipokuwa ile ya mikaratusi. Hiyo hawakuigusa. Majani yakajaa, mbwa wakapita, nyayo za wachezaji wanaojaribu uwanja zikabaki. Bwana Lambert akaja mbio, michezo iko karibu, akauliza kuna nini. Wakamwambia uwanja wa mfiwa haufagiwi mpaka kilio kiishe, na hiyo ni ya Mama Mbombo. Alifungua mdomo kutoa amri. Halafu akauliza, kilio kinaisha lini? Wakamwambia. Akaenda zake. Siku iliyofuata tulimwona mwenyewe akipiga mpira wake kutoka katikati ya majani na nyayo, akakosa, akapiga tena, bila kunung'unika. Mtu mwema, nitamfanyia kazi.

Jana kilio kiliisha. Asubuhi walifagia uwanja nyumbani, wakazoa majivu. Halafu Mama Mbombo akasema bado. Akatuongoza mpaka uwanja wa golf, mama, wanawake na mimi, akachukua reki akanipa mimi.

Nilisimama ukingoni. Yaya, wewe uliniandikia kwamba banka ni shimo la mchanga na ukanitaka nisicheke. Sikucheka. Ni kina cha mtu aliyeketi, najua, mtoto anaweza kutoka humo. Lakini sikuwa nimekanyaga mchanga tangu Desemba, hata mtoni nilikuwa nasimama kwenye mawe. Nikataka kumrudishia reki.

Mama Mbombo akaja akasimama juu ya ukingo, upande wa juu kabisa, akatanua miguu kama sisi tunavyosimama tukishika kamba. Sijui nani alimwambia. Labda Clovis mwenyewe, zamani, akimtolea hadithi za kazi. Akasema, "Ingia. Minye niko hapa juu. Siendi."

Nikaingia kwa upande wa chini ulio mpole, kama unavyofundisha. Mchanga ukanifika kwenye vifundo, nikasubiri uendelee kupanda. Haukupanda. Nikaokota majani, nikavuta reki polepole, nikapandisha mchanga ukutani. Machozi yalikuwa yanaingia mdomoni. Kila nilipoinua kichwa alikuwa pale. Jua lilimpiga usoni na hakusogea. Nilipomaliza nikarudi kinyumenyume, nikifuta nyayo zangu moja moja, mpaka nikafika kwenye mwinuko, na hapo nikasimama. Sikuweza kutoka. Miguu ilikuwa inangoja mtu mwingine atoke kwanza.

Aliona. Alizunguka ukingo, akashuka mpaka nilipo, akaninyooshea mkono.

"Toka sasa, mutoto yangu," akasema. "Muntu haiko tena chini."

Nikatoka. Kesho naanza kazi. Reki nimeilaza nje.

Mdogo wako,
Hénoc